Nimemaliza PCM Kigoma: nisome uhandisi wa nishati au nibaki na umeme?

*"Shikamoo mhandisi. Nimemaliza kidato cha sita, PCM. Nimepata Fizikia C, Kemia C na Hesabu D. Naishi Mwanga, Kigoma, kwa mjomba ambaye ni fundi wa sola, na mimi humsaidia kufunga. Nataka kuomba chuo kozi ya uhandisi wa nishati. Mjomba anasema hiyo ni kozi ya sola tu, kwamba ninachotaka kwenda kusoma miaka minne yeye alijifunza kwa miezi mitatu, na matangazo ya ajira yote yanaandika 'umeme'. Baba naye anasema mtoto wa kike hawezi kupanda nguzo. Je, hii kozi ni uhandisi kamili? Inafundisha nini hasa? Nikimaliza nitaajiriwa wapi? Na ile D ya Hesabu haitaniangusha? Naogopa kupoteza mkopo na miaka yangu."*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali mengi lakini nimeona hofu moja: usome miaka minne kitu ambacho mtaani kinahesabika kuwa kazi ya fundi, halafu urudi Mwanga na shahada ambayo tangazo la ajira halikuitaja. Hofu hiyo ina msingi, siwezi kukwambia ni ya bure. Nikutangulizie nilipofikia: mjomba wako amekosea sababu, ila nusu ya hitimisho lake ni sahihi.

La baba tulimalize haraka. Wanaopanda nguzo ni mafundi wa laini. Wamefunzwa kazi hiyo na wana mikanda na viatu vyake, na kuna wahandisi waliostaafu bila kupanda hata moja. Utatoka nje, hilo mwambie ukweli. Utavaa buti na kofia ngumu, na kuna usiku utaupitia kwenye kituo cha kupoza umeme kwa sababu transfoma imegoma. Lakini kazi kubwa ya mhandisi ni hesabu, michoro na kuweka sahihi kwenye uamuzi ambao ukikosewa watu wanaumia au fedha zinapotea. Uzito wa sahihi hiyo hauna jinsia.

Sasa mjomba. Nianze na kazi ambayo wewe mwenyewe umeishika. Mteja ana betri ya N70, paneli ya wati 100, televisheni ya wati 50 na taa nne za wati tano tano. Anawasha vyote kwa muda wa saa sita kila usiku. Hiyo ni wati 70 mara saa 6, yaani wati-saa 420. Betri yenyewe, volti 12 mara ampea-saa 70, imebeba wati-saa 840, na betri ya risasi na asidi haifai kukamuliwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo 420 zinatosha, fundi anafunga, anapokea hela yake, anaondoka. Tazama upande wa kuingiza sasa. Paneli ya wati 100 kwa saa tano za jua kamili inatoa wati-saa 500 kwenye karatasi. Ikishakuwa joto la paneli, vumbi, nyaya nyembamba na betri yenyewe vimekula chao, zinabaki kama 350. Mteja anatumia 420, anaingiza 350. Kila siku anakopa 70 kwenye betri, hata siku ambayo jua limewaka vizuri. Zikija siku tatu za mawingu ndiyo kabisa. Betri inakaa nusu tupu wiki baada ya wiki, salfeti inaganda kwenye sahani za risasi, na baada ya mwaka inapokufa kila mtu anasema dukani waliuza betri feki.

Mjomba wako pengine anaijua dawa ya hilo kwa uzoefu, na mafundi wazuri wanaijua kweli, simdharau. Ila umeona swali lilivyo: kinachoingia, kinachotoka, kinachohifadhiwa, na muda wa kila kimoja. Hilo ndilo swali la uhandisi wa mifumo ya nishati, na halibadiliki ukitoka kwenye nyumba ya vyumba viwili ukaenda kwenye mkoa mzima. Kinachobadilika ni kwamba kwenye mkoa huwezi kukisia, na ukikosea hakuna duka la kulaumu.

Uuchukue mkoa wako. Kwa miaka mingi Kigoma, Kasulu na Kibondo ziliishi kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa. Lita moja ya dizeli ina nishati ya kama kilowati-saa 10, yaani zile tunazoziita uniti. Jenereta zuri linakurudishia uniti tatu na nusu, au nne likiwa na hali njema, zilizobaki zinaondoka kama joto kwenye rejeta na bomba la moshi. Tuseme dizeli ni shilingi 3,000 kwa lita, kwa hesabu rahisi. Uniti moja inakula kama shilingi 750 hadi 860 za mafuta, bila spea, bila mshahara wa mtu. Na mteja analipa ngapi? Bei ya kawaida ya TANESCO ambayo wengi wameizoea ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, na wale wa matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ni shilingi 100. Kila uniti iliyouzwa ilikuwa hasara, na kila jenereta lililoongezwa ili watu wapate umeme zaidi lilikuwa linaongeza hasara zaidi.

Fundi wa jenereta alifanya kazi yake vizuri. Mhandisi wa umeme aliyesambaza laini za mjini naye alifanya yake vizuri. Ila ukitazama kitu kizima, kilikuwa hakiendi. Mtu wa kukitazama kitu kizima, kuanzia mafuta au maji au jua, kupitia mtambo na laini, hadi mita ya LUKU na fedha inayorudi, ndiye hii kozi inajaribu kumtengeneza.

Mwaka 2022 gridi ilipoanza kuingia Kigoma kupitia Nyakanazi, tatizo la dizeli lilianza kupungua na likazaliwa lingine, ambalo mimi naliona tamu zaidi kulisoma. Gridi haina ghala. Umeme unaotumika sekunde hii lazima uzalishwe sekunde hii. Mitambo yote iliyounganishwa kwenye gridi yetu inakwenda kwa mdundo mmoja, tunaouita hezi 50, yaani mawimbi 50 ya umeme kwa sekunde. Mfikirie mwendesha baiskeli aliyebeba mkungu wa ndizi anapanda kilima: ukimwongezea mzigo bila yeye kukaza miguu, mwendo unashuka papo hapo. Mitambo nayo ni hivyo. Watu wakiwasha vitu kuliko kinachozalishwa, hezi zinaanza kushuka, vifaa vya kudhibiti vinafungua maji au gesi zaidi ili mitambo ikaze. Kama hakuna akiba ya kukazia, kuna rilei, yaani swichi za ulinzi, zinazokata maeneo fulani zenyewe, ndani ya sekunde chache, ili kuokoa gridi iliyobaki. Ndiyo maana mtambo unaweza kuchomoka upande wa pili wa nchi na ninyi Kigoma mkabaki gizani wakati hapo mjini hakuna hata waya uliokatika. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Mmoja ukitoka ghafla, megawati 235 hazitafutwi kwa kupiga simu.

Halafu kuna urefu wa njia. Kwa mzigo uleule, ukipandisha msongo wa laini kutoka kilovolti 33 hadi 132, mkondo unashuka hadi robo, na kwa kuwa upotevu kwenye waya unakwenda kwa mraba wa mkondo, kwa waya wa aina moja upotevu unashuka hadi sehemu moja ya kumi na sita. Ukiielewa sentensi hiyo hutashangaa tena kwa nini mikoa ya mwisho wa laini inalilia njia kubwa, na kwa nini umeme "mdogo" unaounguza friji jioni unaweza kuwepo hata pale ambapo megawati zinatosha.

Na mbele yako kuna mto Malagarasi. Mradi wa megawati 49.5 kwenye maporomoko ya Igamba umezungumzwa sana, lakini wanafunzi wangu napenda kuwauliza jambo ambalo halizungumzwi: mto huo unaoana vipi na jua? Juni hadi Septemba mvua hakuna, mto unapungua, na mbingu za Kigoma ziko wazi, paneli zinazalisha vizuri kabisa. Novemba hadi Aprili mawingu yanazidi lakini maji yanarudi. Vinasaidiana. Tena Malagarasi umepita kwenye mabwawa makubwa ya asili huko juu, Moyowosi na jirani zake, yanayoshikilia maji na kuyaachia polepole, kwa hiyo hauyumbi kama mito mingine. Lakini watu wanatumia umeme zaidi saa moja hadi saa nne usiku, wakati jua limeshazama nyuma ya milima ya Kongo. Sasa niambie: uweke megawati ngapi za jua, betri kiasi gani, maji uyabanie mchana kiasi gani ili uyaachie usiku, na nani alipe? Hilo ni swali la mtihani wa mwaka wa nne. Pia ni swali ambalo watu wazima wanakaa nalo ofisini wakiwa na koti na tai.

Nimesema umeme sana, lakini nishati ni zaidi ya umeme. Sehemu kubwa kabisa ya nishati inayotumika Tanzania bado ni kuni na mkaa. Chumvi ya Uvinza ilichemshwa kwa kuni vizazi na vizazi. Mawese yanachemshwa. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na hautatekelezwa na watu wanaojua paneli tu.

Ndani ya darasa utakutana na nini? Miaka miwili ya mwanzo ni hesabu, fizikia ya umeme, sakiti, joto na kazi yake, na mwendo wa maji na hewa. Hapo ndipo utajifunza kwamba mita moja ya ujazo ya maji kwa sekunde ikianguka mita 10 ina kilowati 98, na mtambo mzuri unakupa kama 85. Mwaka wa tatu unaingia mashine za umeme, elektroniki za kubadilisha umeme (ile invata ya mjomba utaifungua na kuijua hadi ndani), udhibiti, na uchambuzi wa gridi. Mwaka wa nne uchumi wa nishati, sheria, mazingira na mradi wako mwenyewe. Katikati, kila likizo ndefu, wiki kadhaa za mafunzo kwa vitendo. Sola ni kipande. Kipande kizuri, lakini ni kipande.

Sasa ile D, na hapa sitakupaka mafuta. Kiwango cha chini cha kuingia shahada, kwa taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ni principali mbili (masomo mawili uliyofaulu kwa E au zaidi) zenye jumla ya pointi nne. C ya Fizikia ni pointi tatu, D ya Hesabu ni mbili, una tano. Mlango upo, ingawa kozi zenye waombaji wengi zinachukua waliokuzidi, na kila kozi ina masharti yake kwenye mwongozo wa udahili. Ninalohofia mimi ni mwaka wa kwanza. Wanaoanguka uhandisi mara nyingi wanaangushwa na hesabu za muhula wa kwanza na wa pili kabla hawajafika kwenye kitu walichokwenda kukifuata. Habari njema ni kwamba hesabu unazozihitaji zinajulikana: kalkulasi, milinganyo inayoeleza kitu kinavyobadilika kadiri muda unavyokwenda, na namba changamano, zile zenye kipeuo cha pili cha hasi moja. Hizi za mwisho wanafunzi wa kidato cha sita huziona kama mzaha wa wazungu, kumbe umeme wa gridi wote unahesabiwa kwa hizo. Miezi hii ya kusubiri chuo usiimalize yote juu ya paa. Chukua madaftari yako ya kidato cha tano na cha sita, nenda kwa mwalimu wako wa Hesabu ukiwa na maswali mkononi, na ufanye mada hizo tatu hadi zikuchoshe. Ukikuta hata kwa kusaidiwa haziingii kabisa, hiyo ni taarifa muhimu, na ni heri kuipata Kigoma kuliko kuipata chuoni ukiwa na mkopo.

Kuhusu uhandisi kamili: jina la kozi halikufanyi mhandisi wala halikunyimi. Kinachoamua ni kwamba programu ina ithibati ya TCU na kwamba Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, inawasajili wanaohitimu pale. Ukimaliza unasajiliwa kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi chini ya mhandisi mzoefu, kwa kawaida miaka mitatu, kisha unaomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Bila usajili wa ERB kisheria huruhusiwi kufanya kazi ya uhandisi, hata ukiwa na shahada mbili.

Na hapa ndipo mjomba amepatia. Matangazo mengi ya ajira, hasa ya umma, yanaandika "uhandisi wa umeme" au "mitambo", halafu "au fani inayolingana". Hayo maneno matatu ya mwisho yanategemea anayechambua maombi. Mwenye shahada ya umeme hatakiwi kumweleza mtu yeyote alisoma nini. Mwenye shahada ya nishati wakati mwingine anatakiwa kueleza, na barua ya maombi haina nafasi ya maelezo. Kwa upande mwingine, kampuni za gridi ndogo vijijini na visiwani, washauri wa miradi, viwanda vinavyotaka kupunguza bili, na taasisi kama REA (wakala wa nishati vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) zina kazi ambazo aliyesoma mfumo mzima anazimudu mapema kuliko aliyesoma mashine tu. Hata reli ya kisasa inayojengwa kuelekea kwenu kupitia Tabora ni ya umeme, na treni inayokula umeme wa kilovolti 25 inahitaji mtu wa kuijua gridi.

Ungekuwa mwanangu wa kumzaa ningekushauri hivi. Weka chaguo la kwanza uhandisi wa umeme wenye mchepuo wa umeme wa nguvu (power), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya (MUST) au Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), kisha uugeuze kuwa wa nishati wewe mwenyewe: chagua masomo ya hiari ya nishati, nenda mafunzo kwa vitendo kwenye mitambo ya kuzalisha, na mradi wa mwaka wa mwisho uwe wa Kigoma. Weka chaguo la pili kozi ya nishati, mfano ile ya nishati jadidifu ya Chuo Kikuu cha Dodoma, baada ya kupata orodha ya masomo yake na kuikagua. Ukiona ndani mna mashine za umeme, uchambuzi wa gridi, udhibiti na joto, usiogope jina. Ukiona robo tatu ni mazingira, sera na utangulizi wa hiki na kile, hiyo inafaa kwa mtu mwingine. Utaalamu wa mifumo ya nishati wenyewe unaweza kuusoma vizuri kwenye shahada ya pili, ukiwa umeshaona gridi kwa macho. Taasisi ya Nelson Mandela ipo Arusha, Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri wa nishati hapo jirani yenu tu, na Chuo Kikuu cha Pan-Afrika, cha Umoja wa Afrika, kina taasisi ya maji na nishati Tlemcen, Algeria, inayopokea vijana wa bara zima.

Njia ya diploma nayo usiidharau eti kwa sababu umemaliza kidato cha sita. Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo chake Kikuletwa, wilayani Hai, ambako umeme wa maji unashikwa kwa mikono. Ni njia ndefu zaidi, lakini nimewaona waliopitia diploma wakiingia shahada na kuwatangulia wenzao kwenye maabara. Kwa mtu mwenye D ya Hesabu na mikono inayopenda kazi, ni njia ya heshima.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kukusaidia. Nenda ofisi ya TANESCO ya mkoa, omba kwa adabu dakika 15 za mhandisi, muulize siku yake ya kazi ikoje. Mchukue na baba ikiwezekana. Swali la usajili uliza ERB wenyewe, ukitaja jina kamili la programu na chuo. Fomu za mkopo zijaze na mtu aliyewahi kuzijaza, kwa kuwa waliokosa kwa kukosea kiambatisho ni wengi. Kwenye kazi za mjomba, endelea na mifumo midogo ukiwa chini yake, lakini mita na nyaya za TANESCO usiguse hata ukibembelezwa na jirani. Hizo ni kazi za TANESCO wenyewe, na hata kufunga nyaya za umeme ndani ya nyumba kuna leseni ya EWURA; asiyekuwa nayo jina lake ni kishoka. Na akitokea wakala anayekuahidi nafasi ya "uhandisi wa nishati" nje ya nchi kwa kutanguliza ada, usimpe hata shilingi kabla hujaenda au kupiga simu TCU kuuliza kama cheti cha chuo hicho kinatambuliwa hapa.